Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla hamjatuongezea vidonge vya pumu, tupimeni pumzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mji wa Serikali, Mtumba.
Nakala: wenye dhamana ya vituo vya afya na hospitali za wilaya, TAMISEMI, wenye dhamana ya bima ya afya na ununuzi wa dawa, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma.

Mheshimiwa,

Mbukwenyi. Nimeanza kwa salamu ya wenyeji kwa sababu siku hizi ninyi ni majirani. Zamani barua ya mtu wa Dodoma ilipanda basi hadi Dar es Salaam, ikalala njiani, ikafika imechoka kuliko aliyeiandika. Leo mimi niko Nkuhungu, upande wa machweo wa jiji, na ofisi yenu iko Mtumba, upande wa mawio. Upepo wa Julai nao hutokea huko kwenu kuja huku kwangu, kwa hiyo vumbi la barabara na viwanja mnavyojenga tunalipokea mimi na wajukuu zangu. Silalamiki, jiji halijengwi bila vumbi. Nataka tu ujue naandika nikiwa nimekaa wapi.

Mimi ni afisa tabibu mstaafu. Kwa miaka 31 nimekaa nyuma ya meza za zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu, kule ambako mgonjwa anamwita "daktari" yeyote aliyevaa koti jeupe, na wewe unaitika kwa sababu daktari mwingine hayupo.

Nakuandikia kuhusu pumu, na hasa namna tunavyoamua nani apewe dawa ipi. Tunaamua kwa kubahatisha, na mwisho wa kubahatisha kwetu huwa ni vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ipo njia ya kupunguza kubahatisha huko kwa kupima pumzi ya mgonjwa, bila sindano wala tone la damu. Naomba njia hiyo ifike mikoani, ianzie hapa, na ije kwa mpangilio nitakaoueleza, maana ikija kama zinavyokuja mashine nyingi, bora isije.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja, katika kituo ambacho jina lake naliacha, mama alimleta mwanawe wa kiume wa miaka 9. Akasema maneno ambayo kila tabibu wa Ugogo ameyasikia: "Daktari, mchana anacheza vizuri tu, ikifika usiku kifua kinapiga filimbi." Nikamsikiliza kifua saa nne asubuhi, kimya. Nikaandika amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Baada ya wiki mbili wakarudi, nikaandika amoksilini tena na dawa ya maji ya kikohozi. Mara ya tatu nikashuku kifua kikuu, kwa kuwa baba yake aliwahi kutibiwa. Makohozi ya mtoto hayapatikani kirahisi, na hayo machache tuliyoyapata hayakuonyesha kitu. Mara ya nne alikuja amebanwa hasa, mbavu zinazama ndani kila anapovuta hewa. Nikampa salbutamoli kwa nebulaiza na prednisoloni ya siku tano. Akaondoka anatembea mwenyewe. Nikajiona fundi.

Fundi huyo alirudia ufundi wake mara saba mwaka ule. Nilikuja kuzihesabu baadaye kwenye daftari la mtoto, na mwandiko wote ni wangu. Mashavu yake yalijaa, majirani wakampongeza mama kwa kumnenepesha mwana. Hakuwa amenenepa. Prednisoloni ikimezwa mara kwa mara huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na humchelewesha mtoto kurefuka. Mwishowe daktari mmoja mjini akampa kipulizio cha kahawia cha kutumia kila siku, na safari za usiku zikakoma. Habari hizo nilizipata kwa mama mwenyewe, sokoni, kwa sababu karatasi ya majibu ya rufaa haikurudi kituoni kwangu. (Huwa hazirudi. Hiyo ni barua nyingine.)

Nimejiuliza sana nilikosa nini. Huruma nilikuwa nayo, na kitabu cha mwongozo wa matibabu kilikuwa mezani, kimekunjwa pembe kwenye ukurasa wenyewe. Nilichokosa ni kitu cha kuniambia kama ndani ya kifua kile kuna uvimbe wa kutibiwa au hakuna. Stetoskopu husikia hewa ikipita pembamba. Uvimbe haiusikii, na mchana mtoto wa pumu akiwa mzima haisikii chochote kabisa.

Wasomaji wengine wa barua hii si watu wa tiba, kwa hiyo naomba nirudi nyuma kidogo. Mtu wa pumu anapobanwa, misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, na utando wa ndani wa njia hizo huwa umevimba na kutoa ute. Kipulizio cha bluu, salbutamoli, hulegeza misuli. Mgonjwa anapata nafuu palepale na aliyempa anapata sifa. Uvimbe lakini unabaki ulipokuwa. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta, ile ya kahawia, ambayo kazi yake haionekani kwa siku moja na kwa sababu hiyo haina wapenzi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaofahamika kama GINA, uliacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa bluu peke yake. Mwongozo huo huo unaonya kwamba anayemaliza makopo 12 au zaidi ya bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Makopo 12 ni kopo moja kila mwezi. Simama nusu siku kwenye duka lolote la dawa mjini hapa msimu wa vumbi, utawaona wateja wa kila mwezi, na muuzaji anawajua kwa majina.

Sasa pumzi yenyewe.

Mwaka 1991 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba hewa anayoitoa binadamu ina kiasi kidogo mno cha gesi iitwayo naitriki oksaidi. Mwaka 1993 wenzao wa huko huko wakaonyesha kwamba wagonjwa wa pumu huitoa kwa wingi kuliko watu wasio na pumu. (Gesi hiyo hiyo, kwa kazi nyingine inayoifanya kwenye mishipa ya damu, iliwapa Wamarekani watatu tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1998.) Utando wa njia ya hewa ukipatwa na uvimbe wa aina ya mzio, ule unaokusanya chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, huitengeneza gesi hii kupita kiasi. Na uvimbe wa aina hiyo ndio hasa unaoitii steroidi. Kwa hiyo anayeipima gesi anapata jibu la swali nililokuwa nalo mimi siku ile: huyu, dawa ya kahawia itamfaa?

Mashine ya kupimia ni ndogo, mtu anaishika mkononi. Mgonjwa anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anaitoa polepole kwa mkondo mmoja wa mililita 50 kwa sekunde, sekunde 10 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Kwenye kioo kuna picha inayomwongoza asipulize kwa nguvu wala kwa ulegevu. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza bila taabu, wengine wanataka kurudia kwa sababu wameiona kama mchezo. Baada ya dakika moja au mbili inatoka namba, inayohesabiwa kwa sehemu kwa bilioni. Mwongozo wa wataalamu wa mapafu wa Marekani wa mwaka 2011 uliweka mipaka hivi: chini ya 25 kwa mtu mzima, au 20 kwa mtoto wa chini ya miaka 12, uvimbe wa aina hiyo hauelekei kuwepo, zaidi ya 50 kwa mtu mzima, au 35 kwa mtoto, unaelekea kuwepo na steroidi inatarajiwa kusaidia. Katikati, tabibu atumie busara yake. Na kama kawaida ya mambo ya duniani, wa katikati hawakosekani.

Mashine hiyo nimeiona kwa macho yangu mara mbili tu, nikiwa nimeshastaafu, katika hospitali moja nje ya mkoa. Nilimpeleka mjukuu wangu wa kike, miaka 11. Nyumbani tulikuwa tunagombana: mama yake anasema dawa ya kahawia ni ya kila siku, bibi yake anasema inhela inazoesha, mtoto akiizoea hataiacha. Mtoto naye amejua kucheza katikati, kwa mama anasema ametumia, kwa bibi anasema hakutumia. Akapuliza, namba ikatoka 68. Daktari hakumkaripia. Alimwonyesha kioo, akamwambia, "Hii ndiyo inayokuamsha usiku. Nenda katumie hii dawa asubuhi na jioni, urudi tuione tena." Baada ya wiki sita ikasoma 24. Haikuwa imeshuka mpaka chini, lakini mtoto aliishika ile karatasi njia nzima kama cheti cha shule. Bibi yake hajasema tena habari ya kuzoea. Miaka 31 nimewahubiria watu kuhusu dawa ya kahawia, na karatasi moja ikanishinda kwa ufasaha.

Vipimo vyote viwili nililipia taslimu. Mwenye kustahimili hilo ni mstaafu aliyeuza mbuzi. Mkulima wa mtama wa Chamwino hawezi, wala hapaswi.

Namba kubwa ina manufaa yake, ila namba ndogo ndiyo naiona ina thamani zaidi kwetu hapa kati. Nilikuwa na mgonjwa, bibi wa makamo, aliyeandikwa pumu kwenye daftari tangu kabla sijaripoti kituoni pale. Amepika kwa kuni tangu msichana, kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alikohoa mwaka mzima, si usiku wala msimu wa vumbi tu, na kila akizidiwa alipewa prednisoloni iliyomsaidia kidogo sana. Leo nikimkumbuka naamini hakuwa na pumu kabisa. Yale yalikuwa mapafu yaliyochakaa kwa moshi, ugonjwa mwingine wenye matibabu mengine. Wapo pia waliopona kifua kikuu kikawaachia makovu, wapo wenye moyo uliochoka, wapo ambao tindikali ya tumbo inapanda usiku na kuwakohoza. Wote hao kwenye daftari ni "pumu". Namba ndogo ya pumzi haimwambii tabibu kwamba mgonjwa hana pumu, maana ipo pumu isiyo ya eosinofili. Inamwambia jambo jepesi zaidi: kabla hujaongeza steroidi, simama, fikiri tena.

Kusimama huko kungemwokoa yule bibi na vidonge vya miaka.

Mheshimiwa, mimi si muuzaji wa mashine, kwa hiyo nitakueleza na mapungufu yake, tena kabla hajafika ofisini kwako mtu mwenye mkoba na slaidi.

Kwanza ni chakula. Mboga za majani zenye naitreti nyingi huipandisha namba kwa saa kadhaa, na mchicha wetu ni mmojawapo. Mgonjwa aliyetoka Mvumi alfajiri, akala ugali na mchicha stendi, akafika kliniki saa tano, atasomeka ana uvimbe kuliko alio nao. Sigara hufanya kinyume, huishusha. Mafua ya virusi huipandisha. Mzio wa pua, ambao watu wengi wanao bila pumu, nao huipandisha. Kama siku hiyo mgonjwa atapimwa pia nguvu ya mapafu kwa spirometri, pumzi ipimwe mwanzo, kwa sababu kule kupuliza kwa nguvu huishusha namba. Haya si mambo magumu. Yanatosha kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani, lakini lazima ibandikwe.

Pili ni ushahidi wenyewe, ambao haukubaliani na kila anayeusifu. Kule Leicester, Uingereza, mwaka 2002, wagonjwa 74 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likatibiwa kwa kufuata eosinofili zilizohesabiwa kwenye makohozi, jingine kwa njia ya kawaida. Kwa mwaka mmoja, lililofuata makohozi lilipata mashambulizi makali 35, lile jingine 109. Matokeo mazuri sana, ila makohozi hayo yanatolewa kwa kuvutishwa mvuke wa chumvi na kuhesabiwa na mtaalamu palepale, na hilo sioni litakavyofanyika Kibaigwa. New Zealand, mwaka 2005, waliofuata namba ya pumzi walimudu pumu yao kwa dozi ndogo ya steroidi ya kuvuta kuliko wenzao. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kufuata namba ya pumzi hupunguza mashambulizi, lakini hakubadilishi sana dalili za kila siku. Halafu mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watoto 509: waliopimwa pumzi kila miezi mitatu na dozi zao kurekebishwa kwa namba hiyo walipata mashambulizi karibu sawa na waliotibiwa kwa kufuata dalili tu, asilimia 48 ya watoto kwa 51.

Huo wa mwisho mtu anaweza kuutumia kuitupa barua hii kapuni. Mimi nausoma hivi. Wale watoto walikuwa wameshajulikana wana pumu, dawa wanazo, daktari wanaye, na kipimo kiliongezwa juu ya hayo yote. Kwa hali hiyo, kumpima kila mtoto kila anapokuja ni kupoteza fedha, na siombi hivyo. Naomba kipimo pale ambapo uamuzi mzito unafanyika: mgonjwa anapoandikwa pumu kwa mara ya kwanza, kabla ya kupandishwa dozi, na kabla ya mtu kuandikiwa prednisoloni ya kumeza kwa mara ya tatu ndani ya mwaka. Angekuwepo mtu wa kunizuia kwenye hiyo mara ya tatu, yule mvulana asingezifikia saba.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa huko nje hawatakwambia kwa kuwa kwao halipo. Mwongozo mpya wa Uingereza, wa Novemba 2024, unaruhusu kuanza na kipimo kimoja kati ya viwili kwa mtu mzima: namba ya pumzi, au hesabu ya eosinofili kwenye damu. Mtu wa mipango atasema, basi tutumie damu, kwani mashine za picha ya damu hospitali za wilaya tunazo. Asikilizwe, lakini akumbushwe minyoo. Eosinofili hupanda kwa minyoo na kichocho, na mkoa huu una watoto wanaochunga kutwa na kunywa bwawa moja na ng'ombe. Ukiiga mwongozo wa Uingereza ulivyo, utawapa pumu watoto wenye minyoo. Damu ikisoma chini, inasaidia. Ikisoma juu, mtoto apewe dawa ya minyoo kwanza, apimwe tena baadaye. Kwa hapa kwetu pumzi ina ubora huo: inazungumzia njia ya hewa, haichukui habari za tumbo kama damu inavyozichukua. Hata hivyo ile mipaka ya 20 na 35, 25 na 50, imetokana zaidi na watu wa nchi tajiri. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo pale mlimani, kina wanafunzi wa udaktari, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko mlangoni kwake. Wapeni kazi ya kuwapima watoto wazima wa shule zetu, wa mjini na wa Bahi, ili tuwe na namba zetu wenyewe kabla hatujaanza kuhukumiana kwa za wengine.

Vipo na viashiria vingine visivyohitaji sindano, vya kwenye mkojo na vya kwenye mvuke wa pumzi uliogandishwa. Hivyo bado ni vya maabara za utafiti. Akija mtu kukuuzia, mpe chai umshukuru.

Sasa ninayoyaomba.

La kwanza si mashine. Ni kopo la kahawia. Kipimo kikisema steroidi ya kuvuta itamfaa mgonjwa, halafu dirisha la dawa likasema haipo, tutakuwa tumemwongezea mgonjwa huzuni yenye tarakimu. Steroidi ya kuvuta imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na kile kipulizio kinachochanganya budesonidi na formoteroli ambacho mgonjwa anaweza kukitumia akibanwa na pia kila siku. Katika vituo nilivyofanyia kazi, miaka mingi bluu ilipatikana kwa msimu na kahawia kwa bahati. Fedha ya mashine ikigombana na fedha ya makopo, Mheshimiwa, nunueni makopo. Nalisema hili ingawa linaiangusha nusu ya barua yangu.

Pamoja na kopo, mtoto anahitaji chombo cha kuvutia dawa, maana akipuliza moja kwa moja mdomoni dawa nyingi inaishia kooni. Vile vya dukani ni ghali. Lakini watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa kipulizio na kuzibwa vizuri, inafanya kazi sawa na cha kununua. Chupa za maji zimejaa kila mtaro wa jiji hili. Nimezitengeneza kwa mikono yangu zaidi ya mia, kwa waya uliochomwa moto. Hili halihitaji bajeti, linahitaji waraka wenye saini yako ili kijana aliyetoka chuoni jana asione aibu kumpa mgonjwa chupa.

Mashine za pumzi ziende kwanza sehemu tatu: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na hospitali moja ya wilaya iliyo mbali na mji, mimi ningesema Kongwa, wengine watasema Kondoa, sitagombana. Zahanati zisipewe mashine hizi. Zahanati zipewe kile kifaa cha bei nafuu cha kupima kasi ya pumzi, kibomba cha plastiki chenye mshale, kinachoonyesha njia ya hewa imebana kiasi gani leo ukilinganisha na jana. Hicho hakioni uvimbe, ila kwa kijiji kinatosha kuamua nani apelekwe.

Na mnaponunua, nunueni vihisio. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoanguka. Ndani ya mashine ya pumzi kuna kihisio, kile kisehemu kinachoitambua gesi, chenye idadi maalumu ya vipimo na tarehe ya kwisha muda. Idadi ikifika, mashine inakataa, hata kama betri imejaa na mgonjwa ameshakaa kwenye kiti. Kila anayepuliza anahitaji kidomo chake kipya. Kwa hiyo bei ya mashine siku ya kununua ni sehemu ndogo ya habari. Nimefanya kazi katika majengo yenye mashine nzuri zilizofunikwa kitambaa kilichofumwa, juu yake kuna chombo cha maua, kwa sababu kitu kidogo cha shilingi chache kiliisha na hakuna aliyejua kinaagizwa wapi. Mkataba wowote useme bei kwa kipimo kimoja, kwa miaka mitano, vihisio na vidomo ndani yake. Muuzaji asiyetaka kuandika hivyo aambiwe arudi alikotoka.

Kwa wenye dhamana ya bima: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita vya huduma ndivyo vitakavyoipa maana. Kipimo cha pumzi kiingie humo kwa masharti. Kilipwe kikiombwa kwa moja ya zile sababu tatu nilizotaja, kisilipwe kila mwezi kwa mtu mwenye hali ile ile. Mkikiacha wazi kitapigwa hovyo kama tulivyopiga vipimo vingine hovyo. Mkikifungia nje, tutaendelea kulipia vitanda vya wodi na mitungi ya oksijeni ambayo ni ghali kuliko pumzi ya sekunde 10.

TAMISEMI nawaomba daftari tu. Kila kituo kiandike idadi ya kozi za prednisoloni ambazo kila mgonjwa wa pumu amepewa kwa mwaka, kwenye jalada la mbele la daftari lake, kwa wino mwekundu. Ningeiona saba imeandikwa pale kwa mwandiko wangu, ningeshtuka nilipofika tatu. Hilo linaweza kuanza Jumatatu.

Kuhusu kuni na mkaa sitasema mengi, kwa kuwa serikali imeshajiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na mkakati wenyewe ulizinduliwa Mei 2024. Ila mitungi ya gesi inayogawiwa kwenye mikutano ianze na nyumba zenye mgonjwa wa kifua. Orodha mtaipata kwenye yale madaftari.

Siku ya Pumu Duniani huwa Jumanne ya kwanza ya Mei. Mara nyingi huku kwetu inapita na fulana, kama ikikumbukwa. Mwaka ujao ifanyieni pale Nyerere Square, bila fulana. Wekeni meza moja, mashine moja, na kiti. Mheshimiwa ukae wa kwanza, upulize mbele ya watu, na namba yako isomwe kwa sauti. Mjukuu wangu atakaa wa pili, na mimi nitakuwa pembeni na chupa zangu za nusu lita, nikimtobolea yeyote atakayehitaji.

Asubuhi ya siku hiyo tu, usile mchicha.

Wako mtiifu,
Afisa tabibu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma.